Mnandi Juu ya Kaunta

Wiki jana, kwenye ofisi ya uvuvi mjini Homa Bay, mama mmoja aliweka gazeti juu ya kaunta, akalifunua. Ndani mlikuwa na mnandi, ndege wa ziwani, amekufa.

"Kuna wavuvi wanamwaga sumu kwa matete, pale samaki huzaa," alisema. "Mabwana zetu hufuata hawa ndege kupata samaki wa omena. Wakiisha, tutafuata nani?"

Afisa alimsukuma ndege kwa ncha ya kalamu. "Mama, hapa ni samaki. Ndege peleka kwa watu wa wanyama."

"Huyu alikula samaki."

"Basi lete samaki."

"Ako ndani yake."

Tuliokuwa kwenye benchi tulicheka. Yeye alikunja gazeti lake, akaondoka.

Simlaumu afisa; ndivyo walivyogawiwa kazi, maji kwao, mabawa kwa wengine. Mchana huo nilimkuta hotelini akila samaki. Mimi niliagiza maharagwe.