Fundo la Mama Pumzi

Zamu ilikwisha asubuhi, na Mama Pumzi akabaki ameketi kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo cha hospitali, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, hajui kama alikuwa anavaa au anavua. Miguu yake ilistaafu zamani. Mwenyewe ndiye aliyeendelea kuikokota kazini. Alikuwa amewazalisha wanawake wa mji ule, kisha akawazalisha binti zao, na ukimwuliza ni wangapi anakujibu kwamba yeye ni mkunga, si karani. Asubuhi hiyo alitaka kitu kimoja tu, nacho ni kitanda chake.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa Mziwanda, bintiye wa mwisho, anapiga kutoka kwenye teksi iliyosimama getini. Uchungu umeanza, akasema, tangu alfajiri, na sasa unafuatana. Mumewe alikuwa dereva wa lori, amekwama na mzigo mpakani, na kwa vyovyote asingefika leo. Basi wa kukaa naye hakuwa mwingine ila mama yake. Mama Pumzi akakitazama kile kiatu, akakivaa.

Hilo jina la Pumzi alilipata kwenye darasa lake. Kila Jumamosi, katika stoo iliyo nyuma ya hospitali, huwakusanya wajawazito na wale watakaowasindikiza siku yenyewe, awe mume, dada au mama, akawafundisha kuzaa kwa njia ya asili: jinsi ya kuvuta pumzi na kuitoa taratibu, jinsi ya kuegemea ukuta na kuyumbisha nyonga, mahali pa kukanda mgongoni kwa maji ya moto. Waume wengi huja shingo upande. Kuna askari polisi mmoja aliyepumua kwa bidii mpaka akapata kizunguzungu, akalazwa kwenye mkeka wa mkewe huku mke akimpepea kwa kofia yake ya kazi. Mama Pumzi alikuwa hachoki kukisimulia kisa hicho, na askari mwenyewe alipokuja na mimba ya pili alikaa karibu na mlango.

Lakini kilichomfanya ajulikane zaidi ni kitambaa. Miaka mingi ya kazi ilimwonyesha kwamba mwenye uchungu husema mengi. Atamtukana mume, ataapa hazai tena, ataomba sindano ya mgongoni ya kuua maumivu, na akishaletewa atauliza nani kaiita. Wengine walikuja baadaye kumlaumu: mama, mbona uliniacha nikakata tamaa, nilikuwa nimebakiza kidogo. Basi akatunga sheria yake. Mjamzito akifika hospitali, msindikizaji wake anamfunga kwenye kifundo cha mkono ukanda mwembamba uliochanwa kutoka kwenye shuka kuukuu. Akisema anataka sindano, anaambiwa apumue. Akikivua kitambaa kwa mkono wake mwenyewe, hapo hakuna maneno, mtaalamu wa usingizi, mwenye kuichoma sindano hiyo, anaitwa. Sindano si dhambi, alikuwa akiwaambia darasani. Alilisema hilo kwa mdomo. Uso wake ulikuwa na maoni mengine, kwa kuwa waliomaliza na kitambaa mkononi alikuwa akiwakumbatia, na waliokivua akiwapa mkono.

Mziwanda aliyajua yote hayo tangu utotoni. Mimba ilipokua, siku moja wakiosha vyombo alimwuliza mama yake kama hiyo sindano ina madhara kwa mtoto. Mama Pumzi akasema haina, ikitolewa na anayeijua kazi yake. Mziwanda akafungua mdomo kusema neno la pili, na mama akamwahi kwa kicheko: wewe damu yangu, unaihitaji ya nini? Binti naye akacheka, akasema basi, atazaa kwa pumzi. Akaendelea kusugua sahani ambayo ilikwisha takata. Wiki ile ile hospitali nzima ilijua kwamba binti wa Mama Pumzi amechagua njia ya asili, na wafagiaji walikuwa wakimpongeza kwenye ngazi.

Sasa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda katika chumba cha kujifungulia, amenyoosha mkono, anasubiri kufungwa. Hapo Mama Pumzi akakumbuka jambo la ajabu kidogo. Tangu atunge sheria ile, hajawahi kukifunga kitambaa yeye mwenyewe. Ni kazi ya msindikizaji, naye siku zote alikuwa mkunga. Akauzungusha ukanda kwenye kifundo cha mkono wa mwanawe, akafunga, akakaza, akapiga na fundo la pili juu yake. Mikono ilikwenda yenyewe. Muuguzi wa zamu, ambaye wote walimwita Sista na ambaye alijifunza kazi chini ya Mama Pumzi, alikuwa anapanga vifaa mezani wala hakugeuka.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Walitembea koridoni, mama nyuma na binti mbele, uchungu ukija binti anaegemea ukuta na mama anamkanda kwa chupa ya maji ya moto. Mziwanda alipumua kama alivyofundishwa. Kati ya uchungu na uchungu walizungumzia bei ya nepi na jinsi mkwe alivyokuwa akipiga simu kila alipopata mtandao, akiuliza kama tayari, kana kwamba wanapika. Mama Pumzi alijibu kwa sauti ya usingizi. Mara mbili alijikuta amefumba macho huku bado anakanda.

Jua lilipopanda, uchungu ukageuka. Ulikuja mgongoni, ukakaa hapo, na kabla haujaondoka mwingine ulikuwa umefika. Mziwanda akarudi kitandani, akashika chuma cha ubavuni, akasema kwa sauti ya chini, bila kulia: "Mama, nataka sindano."

Mama Pumzi akamwambia apumue, atoe kwa mdomo. Baada ya muda Mziwanda akaomba tena, na safari hii akaongeza kwamba hasemi kwa sababu ya maumivu tu, anasema kwa akili zake. Mama akautazama mkono wake. Kitambaa kilikuwa pale pale. Akamfuta jasho, akamsifu, akasema bado kidogo. Sista alimpima, akamwita Mama Pumzi pembeni na kumwuliza kwa adabu kama amwite mtaalamu wa usingizi sasa, maana mtaalamu huyo alikuwa peke yake leo, na akiingia chumba cha upasuaji hatoki mpaka amalize. Mama Pumzi akasema sheria ni sheria, kitambaa bado kipo. Sista akatoka kuhudumia wengine. Nani angemfundisha Mama Pumzi kuzalisha?

Baada ya hapo Mziwanda hakuomba tena. Alimgeuzia mama yake mgongo, akajikunja kuelekea ukutani, akanyamaza. Mama Pumzi alifurahi. Alijua, au alijiambia kwamba anajua, kuwa huo ndio ukimya wa mwanamke aliyepiga moyo konde, aliyeipata njia yake ndani ya uchungu. Alivuta kiti, akaketi apumzishe miguu kidogo tu, na usingizi uliokuwa ukimvizia tangu asubuhi ukamchukua.

Aliamshwa na sauti ndogo ya kitu kinachotafunwa. Aliinuka, akazunguka kitanda. Mziwanda alikuwa ameuleta mkono mdomoni, anaguguna fundo kwa meno, macho yamemtoka, jasho na mate vinamtiririka. Kitambaa kilikuwa kimelowa na kukaza zaidi. Mkono umevimba, ngozi chini yake imechubuka na kutoa damu. Kucha mbili za mkono wa pili zilikuwa zimevunjika. Si kwamba alinyamaza kwa sababu ameacha kuomba. Alikuwa akifanya alivyoambiwa afanye.

Mama Pumzi akalitazama fundo lile, akalitambua. Lilikuwa fundo la kitovu. Kabla ya kuja kwa vibanio vya plastiki, wakunga walikifunga kitovu kwa uzi, na fundo likilegea mtoto anavuja damu mpaka anakufa. Kwa hiyo walifundishwa fundo moja la kupiga juu ya jingine, lisilofunguka kwa kidole wala kwa maji, fundo linalotoka kwa mkasi tu. Wale waume wa darasani walifunga kitambaa ovyo ovyo, kama kamba ya kiatu, na wake zao walikuwa wakikichomoa kwa kidole kimoja. Yeye alimfunga mwanawe kama anayefunga kitovu.

Alichukua mkasi mezani, akakikata kitambaa. Akatoka mlangoni na kumwita Sista kwa sauti ambayo wodi ile haikuwa imewahi kuisikia kwake. Sista akaja mbio, akaona mkono, akaona kitambaa sakafuni, akaelewa. Alikimbia, akarudi taratibu. Mtaalamu wa usingizi alikuwa ameingia chumba cha upasuaji muda si mrefu, na mgonjwa ambaye hawezi kuachwa. Sista akampima Mziwanda, akatikisa kichwa. Hata angetoka sasa, njia imekwisha funguka yote, na mtoto anashuka.

Mziwanda aliyasikia yote. Hakulia. Alifumba macho kama mtu aliyefika kituoni na kukuta basi limeondoka.

"Haya mwanangu, vuta pumzi," mama akaanza, kwa mazoea, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kusema.

"Usinifundishe," Mziwanda akasema. "Mama, leo usiwe mkunga. Nishike tu."

Akamshika. Alipanda nyuma yake kitandani na viatu vyake vya kazi, akamkumbatia kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alikuwa chumbani humo asijue la kufanya. Binti alipiga kelele, akamwuma mama yake mkononi, akasukuma ovyo, akapumua atakavyo. Pumzi za darasani hazikuonekana hata moja. Mama alizidi kumkumbatia. Machozi yalimtoka na kudondokea kwenye nywele za mwanawe, na uchovu wote wa miaka ile, zamu juu ya zamu, ukamshukia mabegani kwa pamoja. Alasiri, mtoto wa kike akatoka akilia kwa hasira, mzima, mnene, na kitovu chake Sista akakibana kwa kibanio cha plastiki.

Kisha zikaja pongezi. Daktari alipitisha kichwa mlangoni akasema safi sana, bila sindano, ungetegemea nini kwa binti wa Mama Pumzi. Mfagiaji akaacha ufagio, akapiga kigelegele kifupi. Mkwe alipiga simu, akaambiwa, akauliza mke wake alistahimili vipi, na alipoambiwa hakuguswa na dawa yoyote akasema kwa majivuno kwamba alijua tu. Mziwanda aliwajibu wote ahsante. Alikuwa ameficha mkono chini ya shuka. Sista peke yake hakupongeza. Alileta bandeji, akamfunga taratibu, akaondoka.

Wakabaki wawili na mtoto. Koridoni walikuwa wakiburuta toroli la chai.

"Mama, mara ya kwanza nilipoomba, ulinisikia?"

Angeweza kusema alidhani ni uchungu unaosema. Lilikuwa jibu zuri, alilifundisha mwenyewe kila Jumamosi.

"Nilikusikia."

"Na hili?" Mziwanda akautoa mkono.

Mama Pumzi akaanza kueleza kwamba mikono imezoea, kwamba wakunga wa zamani ndivyo wanavyofunga, kwamba hakulala tangu jana. Alifika katikati akaishiwa. Alikumbuka asubuhi, fundo la kwanza lilipokaa vizuri na lilikuwa linatosha. Alikumbuka ile sahani iliyosuguliwa ikiwa safi, na neno la pili ambalo hakutaka kulisikia.

"La kwanza ni la mazoea," akasema. "La pili ni langu. Nilijua utakivua."

Mziwanda akaurudisha mkono chini ya shuka. Kama alikuwa na hasira, hakuwa na nguvu ya kuibeba. Mwishowe akamsogezea mtoto.

"Mshike," akasema. "Nimechoka."

Mama akampokea mjukuu, na binti akageukia ukuta, akalala. Mama Pumzi alikaa hivyo mpaka taa zilipowashwa, miguu imekufa ganzi, hakuthubutu kusogea. Kitanda chake cha nyumbani hakikumjia tena akilini.

Jumamosi ilipofika wengi walidhani hatakuja. Alikuja, akachelewa kidogo, akiburuta miguu. Wajawazito walikuwa wamekwisha pata habari, na mmoja wa mbele akasema kwa furaha kwamba leo wanataka kusikia binti yake alifanyaje. Wasindikizaji walikaa tayari kupewa vitambaa. Mama Pumzi hakulifungua boksi la vitambaa. Alitia mkono mfukoni, akatoa ukanda mmoja uliokatwa kwa mkasi, una damu kavu na alama za meno, fundo lake bado zima, akauweka mezani mahali ambapo kila mtu angeuona. Kisha akawageukia wale waliokuja kusindikiza, maana maneno yaliwahusu wao.

"Hiki ni cha mwanangu," akasema. "Aliniomba. Nikamsikia. Nikatazama kitambaa."