Yowe Hushushwa na Aliyelipiga

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo imekataa kuzeeka pamoja nami. Niliamka Kasese, miaka ile ya sitini, nikiwa kijana wa miaka kumi na minane. Shule nilikuwa nimeiacha zamani, kwa kuwa dirisha lilinivutia kuliko ubao. Nikanawa uso, nikafunga shati langu la pili ndani ya kitambaa, nikatoka. Ungeniuliza naenda wapi ningekujibu, "Mbele." Nilitaka tu kuona: chumvi inachimbwaje, milima inaishia wapi, watu wa karibu na mpaka wanasalimianaje. Udadisi si dhambi. Lakini udadisi usio na subira ni taa mkononi mwa mlevi.

Nilitembea hadi Muhokya. Pale nikakuta lori la Haji Swaibu, mfanyabiashara aliyenunua chumvi Kabatoro na kuipeleka masokoni. Nusu alikuwa ameishusha Kasese, nusu ilikuwa ya Bwera. Akaitazama miguu yangu iliyojaa vumbi.

"Kijana, safari ya wapi?"

"Popote lori linapokwenda, Haji."

Akacheka. "Basi panda juu. Mawe ya chumvi hayana maneno, mtaelewana."

Tulifika Bwera mchana, Ijumaa, na soko limefurika. Haji alikuwa amechelewa sala. Akatawadha upesi kwa maji ya debe, akaniambia, "Kaa hapa, angalia mzigo," akakimbilia msikitini. Hakusema zaidi. Nami, ambaye hakuna mtu aliyewahi kuniachia hata kuku, nikasimama nyuma ya lori kifua mbele.

Muda si muda akaja mwanamume wa makamo, koti lake limefungwa vifungo vyote katika jua lile. Hakunisalimu. Alichagua jiwe moja la chumvi, akajitwika, akaondoka kwa hatua za haraka.

Ningeweza kumwuliza, "Mzee, hilo la nani?" Maneno manne tu. Badala yake nikapiga yowe: "Mwizi! Mwizi wa chumvi!"

Ninyi wa siku hizi hamjui yowe lilikuwa nini. Polisi walikuwa wachache. Ulinzi wa Bwera ulikuwa masikio ya watu wake. Yowe likipigwa, mpima maharage anaacha kopo, fundi cherehani anaacha suruali ya mtu na mguu mmoja, wote wanatoka. Asiyetoka leo, kesho akipiga lake hatajibiwa. Desturi nzuri hiyo, imeokoa mengi. Lakini yowe lina miguu mingi na halina macho. Kabla sijavuta pumzi, yule mtu alikuwa amezingirwa, chumvi iko chini, na jiwe la mtu fulani limempasua juu ya jicho.

"Hii chumvi ni ya kilio!" alisema. "Haji alinipa. Mama yangu banamuzika leo!"

"Wezi wote beko na mama!" mwanamke mmoja akamjibu, watu wakacheka.

Mimi nilimsikia vizuri, mwanangu. Nikalitazama lile koti lenye vifungo vyote, nikajua ni koti la msibani. Nikajua pale pale. Lakini watu walikuwa wakinipiga mgongoni: "Huyu kijana ana macho!" Hakuna aliyewahi kunisifia kitu. Nikanyamaza. Kosa langu la kwanza lilikuwa la ulimi, na ulimi hujikwaa. Hili la pili lilikuwa la moyo.

Desturi ilikuwa na sharti moja: aliyepiga yowe humshika mtuhumiwa mkono kwa mkono wake mwenyewe, kisha hutembea naye hadi polisi. Nikamshika. Jina lake lilikuwa Masereka. Damu ilikuwa ikimchirizika shavuni, naye hakuifuta. Akaniambia polepole, wengine wasisikie, "Mutoto, shika tu. Lakini tutembee mbio. Mama ananingojea."

Kituoni tukamkuta askari mmoja, mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye sauti ya kambini. Watu wakaanza kusema wote pamoja. Akagonga meza.

"Kelele basi! Nani amepiga yowe?"

"Mimi, afande."

"Umeona nini?"

"Nimeona huyu anaiba chumvi."

"Sijauliza umefikiri nini. Umeona nini?"

"Nimeona... anabeba jiwe la chumvi."

"Alikuwa anaficha?"

"Hapana, afande. Alijitwika kichwani."

"Alikimbia?"

"Alitembea upesi."

"Basi umeona mutu anabeba chumvi siku ya soko." Akawageukia watu. "Nifunge Bwera yote?"

Wengine wakacheka, wengine hawakucheka. Mtu mmoja mlangoni akasema Haji bado yuko kwenye sala, angojewe. Masereka akalitazama jua kwenye kizingiti. Saa ya mazishi ilikuwa inapita. Askari akaniinamia, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi naweza kufungua mulango huu. Lakini nikimwachilia mimi, hawa watasema polisi amekula rushwa, watamfuata njiani. Yowe si langu. Ni lako. Litashushwa na wewe."

Nikawatazama wale watu. Baadhi bado walikuwa na mawe mikononi, nami nilikuwa mgeni asiye na ndugu mji mzima. Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, mwenyeji akatoka damu. Nikasema, "Sikumwona akiiba. Nilidhani, nikapiga kelele bila kuuliza. Tena aliposema habari za mama yake nilimwamini, nikanyamaza."

Hakuna aliyenipiga mgongoni tena. Yule mwanamke aliyemjibu Masereka sokoni akatema mate karibu na miguu yangu.

Askari akaniambia, "Yowe lako limefika mpaka mulimani kwake. Sasa na maneno haya yafike. Beba chumvi."

Tukarudi sokoni, nikajitwika lile jiwe, tukashika njia ya mlimani kwenda kwa Masereka. Haji tukakutana naye njiani, pindo la kanzu mkononi, anahema. "Jiwe la kilio hilo! Nilimwahidi mimi mwenyewe tangu juzi, alichukue lori likifika!" Alinitukana vizuri, na kila tusi lilikuwa haki yangu. Lakini ukweli wake haukunipunguzia mzigo. Katika kila boma tulilopita watu walisimama kumtazama Masereka kwa jicho baya, nami ikanibidi nisimame na kusema: "Mimi ndiye niliyepiga yowe. Nilikosea. Huyu si mwizi." Mara ya kwanza nilisubiri mpaka waulize ndipo nikayasema maneno hayo. Mara ya saba niliyasema kabla hawajauliza. Jiwe lilinichubua utosi, na jasho likatia chumvi machoni.

Tulipofika, kaburi lilikuwa limekwisha kujazwa nusu. Ndugu zake walimngoja mpaka wingu la mvua likaanza kutanda. Masereka alichukua jembe kwa mtu, akamalizia kumfukia mama yake, damu ikiwa imekauka usoni. Uso wa mama yake hakuuona tena, na hilo mimi siwezi kulirudisha hata nikiishi miaka mia.

Niliweka chumvi jikoni kwa wapishi, nikageuka niondoke. Akaniita.

"Utalala wapi?"

"Sijui, mzee."

"Beko namna hii watu: wakikuona njiani peke yako leo, hawataniuliza mimi kabla ya kukupiga. Lala hapa. Wakikuona unatoka kwangu asubuhi, maneno yatakwisha, yako na yangu."

Akanionyesha mkeka kando ya wanaume wa nyumba yake, kwenye matanga. Ndiyo nyumba yangu ya kwanza Bwera, nami nikakaa miaka kumi na moja.

Basi, mwanangu, nikuachie hili. Mji haulindwi na polisi peke yake; unalindwa na ulimi wa kila mtu, na ulimi huo huo unaweza kuubomoa. Sema ulichokiona, na ulichokidhani kiulize kwanza. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na ukijikwaa, usikae kimya ukingoja Haji atoke msikitini akutetee: panda mlima mwenyewe, nyumba kwa nyumba, hadi lilikofika yowe lako. Mungu akupe macho yanayoona na mdomo unaouliza, na siku utakayokosea akupe mtu wa kukutandikia mkeka.