Majani Mapana ya Nyanchoka

Wewe, mtu mzima mwenye akili zako, nani alikutuma kuukagua mwili wa mtoto wa miaka kumi na tatu kama ng'ombe wa mnada?

Nauliza kwa sababu ya Nyanchoka, jirani yangu hapa Gesima, msichana ambaye akicheka, ng'ambo ya bonde wanasikia. Mimi hufundisha timu ya netiboli ya wasichana wa kijiji, kazi ambayo malipo yake ni filimbi tu. Tulikuwa tumepanga kuchagua mlinda goli Ijumaa asubuhi, nafasi ambayo Nyanchoka aliitamani tangu mwaka jana. Kisha Ratemo, mbeba magunia katika kituo cha majani chai, akambandika jina: Tani Moja. Watu wazima wakacheka. Nyanchoka akaapa hatavaa sketi ya michezo mpaka akonde.

Akaanza kuishi kwa maji ya limau. Obokima, ugali wetu wa wimbi, aliuficha kwenye kitambaa na kumpelekea mbwa. Nyanya yake, Esnah, akabaki kushangaa mbwa anavyonona bila kuwinda.

Alhamisi nyanya na mjukuu walileta majani ya chai kituoni, nami nilikuwa kwenye foleni na kikapu cha kwetu. Karani akatumbukiza mkono katika kikapu cha Nyanchoka, akatoa majani mapana, magumu kama ngozi.

"Mama, leo mmechuma chai au mmefyeka kichaka? Haya sipimi."

Esnah hakuwahi kurudishiwa majani tangu aolewe.

"Chai huchumwa majani mawili machanga na chipukizi," akamwambia mjukuu. "Macho yako yalikuwa wapi?"

"Nilishikwa na kizunguzungu, nyanya."

"Umekula nini leo?"

"Limau."

"Na obokima niliokupakulia?"

Nyanchoka akatazama vidole vya miguu yake. Esnah akashusha pumzi. "Kumbe miye nampikia mbwa."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Ratemo akadakia, "Muacheni, Tani Moja amepungua. Sasa ni gunia tu."

Nyanchoka alikuwa amechutama akichambua majani yale mabovu. Akamjibu bila kuinua kichwa.

"Ratemo, magunia ndiyo yanayokulisha. Yaheshimu."

Safari hii kicheko kilimwangukia Ratemo mwenyewe. Esnah akachutama kando ya mjukuu, wakachambua pamoja. "Kula ushibe, ucheze, ulale," akamwambia. "Mwili ni wako. Kwani Ratemo wake haumtoshi, mpaka aukague wako?"

Nami nikamkumbusha, "Uwanjani ni kesho."

"Kocha, wakinicheka kwa ile sketi?"

"Watacheka. Utakuja?"

Akarudi kuchambua majani.

Asubuhi iliyofuata, nyasi zikiwa bado na umande, nilimwona akishuka uwanjani kwa sketi ya michezo, akimalizia kiazi kitamu. Wasichana wawili wakanong'onezana. Akajipangusa mikono, akasimama chini ya ringi. Cynthia, mfungaji wetu hodari, akalenga. Nyanchoka akaruka, akaudaka mpira hewani, akamrudishia.

"Jaribu tena," akamwambia.