Viti vya Msiba Ni Bure

Mzee Viti hakutoza viti vya msiba. Harusi alitoza, sherehe za kuhitimu alitoza, na wanasiasa aliwatoza mara mbili, tena walipe kabla hajashusha hata kiti kimoja, kwa kuwa aliwajua. Lakini mtu akimpigia simu na kusema, "Tumefiwa," alikuwa na maswali mawili tu: nyumbani kwenu ni wapi, na mnatarajia watu kama wangapi. Aliyethubutu kutaja malipo alijibiwa, "Wewe zika kwanza." Akishazika na kuja na hela zake mkononi alijibiwa, "Nenda kapumzike."

Hakuwa tajiri wa kufanya mchezo huo. Alikuwa na pikapu moja kuukuu iliyopenda kuwaka kwa kusukumwa, maturubai manne, na viti vyeupe vya plastiki alivyovirundika katika chumba cha kupanga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Akishuku kwamba kiti kina ufa, alikikalia mwenyewe kwa kishindo, na kwa kuwa mtaa mzima haukuwa na mtu mzito kumshinda, kiti kilichofaulu mtihani huo kiliweza kumbeba yeyote. Vilivyofeli alivipeleka nyumbani. Ndiyo maana wageni wa mtu mwenye mamia ya viti walikalishwa kwenye viti vilivyofungwa waya miguuni, na wenye akili walikaa taratibu.

Mkewe ndiye aliyeshona vitambaa vya kuvisha viti vya harusi, vya satini, vyenye mafundo makubwa mgongoni, na watu walimwita Mama Vitambaa. Walikutana kwenye harusi ya watu. Mzee Viti, wakati huo kijana mwembamba kiasi, alikuwa anapakia viti vya kurudisha, na msichana mmoja aliyekuwa anafagia akamwambia kimoja hakipo. Akabisha. Msichana akaenda nyuma ya nyumba akakitoa chini ya mjomba wa bwana harusi aliyekuwa amelala fofofo. Mzee Viti aliapa palepale kwamba mwanamke anayeona kiti kimoja kimepungua katika rundo lile si wa kumwacha apite.

Kanuni ya misiba ilikuwa na mzizi wake. Baba yake alipofariki, mwenye viti wa siku hizo alisimama getini akasema hashushi kitu mpaka alipwe. Hela ilikuwepo. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti la marehemu, koti limening'inia mlangoni, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kutia mkono mle. Basi watu walikaa juu ya matofali, na mama yake akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu mmoja umekufa ganzi, akipokea pole kutoka chini kama mtu anayeosha vyombo. Mzee Viti, wakati huo kijana, aliiona ile ndoo na hakuisahau. Alipopata viti vyake mwenyewe alijiwekea utaratibu: kwenye msiba, kabla turubai halijasimama, kabla ya jambo lolote, hushusha kwanza kiti kimoja chenye mikono, akakiweka kivulini, akamkalisha mfiwa mkuu. Mengine hufuata.

Kwa miaka mingi utaratibu huo haukumuumiza. Harusi zilibeba misiba, na hapakuwa na Jumamosi isiyo na harusi.

Kisha ukaja ugonjwa. Mikusanyiko ikapigwa marufuku, na simu za kuahirisha zikamiminika. Maharusi waliokuwa wamechagua rangi za vitambaa kwa ugomvi wa mwezi mzima walifunga ndoa ofisini, wamesimama, na mashahidi wawili waliovaa barakoa. Vyuo na shule vikafungwa. Kilichobaki ni misiba, kwa sababu kifo hakiahirishwi. Serikali iliruhusu watu wachache tu, tena wakae mbalimbali, kwa hiyo penye turubai moja sasa yalihitajika mawili. Na viti vikirudi lazima vioshwe kwa klorini, kimoja kimoja. Mama Vitambaa alivifua pia vitambaa vyake vya harusi, vya zambarau, kwa maji yaleyale, kwa hofu, vikatoka na rangi isiyo na jina. Plastiki nayo ikakauka ikaanza kupasuka. Nyumbani kwa Mzee Viti viti vya waya vikazidi mpaka pakakosa pa kupita.

Akawa anatoka kwenda kazini karibu kila siku, na kila siku anarudi mkono mtupu. Mafuta ya gari yake, klorini yake, mgongo wake.

Shemeji yake, kaka wa Mama Vitambaa, alikuwa mtu wa maneno, na mtaani walimwita Wakili, ingawa mahakamani aliwahi kufika mara moja tu, kama shahidi wa ajali ya baiskeli. Siku moja alimkuta Mzee Viti uani, amekunja suruali, anasugua viti kwa brashi.

"Shem," akasema, akivuta kiti.

"Hicho hapana, kina ufa."

"Na hiki?"

"Hicho kina ufa zaidi."

Wakili akabaki amesimama. "Shem, nikuambie kitu ambacho dada yangu anaogopa kukuambia?"

"Dada yako hajawahi kuogopa kuniambia kitu tangu nimemuoa. Sema cha kwako."

"Mwenye viti wa kule barabara kuu anatoza msiba, tena bei imepanda. Na watu wanalipa! Msiba ndiyo harusi ya siku hizi, shem. Wewe umekalia mgodi unauosha kwa brashi."

Mzee Viti aliacha kusugua. "Rudia."

"Nimesema msiba ndiyo harusi ya..."

"Umesikia ulivyosema?"

"Nimesikia."

"Basi chukua brashi ile pale uoshe kinywa, halafu uoshe na hivi viti upande ule." Na Wakili, kwa kuwa alimpenda shemeji yake kuliko alivyopenda kushinda hoja, akakunja suruali naye akaosha, akinung'unika mpaka kiti cha mwisho.

Lakini maneno yale hayakuwa ya kipumbavu, na Mzee Viti alilijua hilo. Binti yao wa pekee alikuwa amebakiza mwaka mmoja katika chuo cha uuguzi. Baba yake alimwita Nesi tangu siku alipopokelewa. Sasa vyuo vya afya vilitangaza kufunguliwa kabla ya vingine vyote, na ada ilitakiwa ilipwe ndipo mwanafunzi aingie getini. Akiba ilikuwa imeshaliwa: kodi ya chumba cha viti, chakula, vipuri vya gari. Zilibaki njia mbili. Ama atoze misiba, ama auze pikapu, na mwenye viti asiye na gari hana kazi.

Mama Vitambaa aliliweka jambo hilo mezani wakiwa wote watatu, kila mmoja na kikombe chake cha chai ya rangi, maana maziwa yalikuwa yameshasahaulika.

"Mimi sikuambii utoze maskini," alisema. "Nakuambia wenye nacho. Mtu ana geti la umeme, unamsitiri kwa bure kwa nini? Amekuomba sadaka?"

"Msiba ni msiba, mama."

"Na njaa ni njaa, baba. Usinitolee macho, nasema kweli."

Nesi alikuwa akipuliza chai yake. Baba yake akamgeukia. "Na wewe unasemaje?"

"Baba, usiniweke mimi katikati. Ukitoza kwa ajili yangu utaniona mimi kila ukipokea hela, na usipotoza utaniona pia. Amueni nyinyi."

Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, na alikuwa amesema jambo la mtu mzima. Mzee Viti akanywa chai yake mpaka chini. "Sawa," akasema. "Msiba ujao, wakiwa watu wenye uwezo, nitatoza."

Ulikuja baada ya siku chache. Mfanyabiashara wa mbao alikuwa amefariki, mtu wa ghorofa na magari matatu, na aliyepiga simu ni mwanawe wa kiume. Mama Vitambaa alimpigia mumewe pasi shati jipya. Njiani Mzee Viti alirudia sentensi yake kwa sauti huku anaendesha: "Gharama zetu kwa sasa ni kama ifuatavyo. Gharama zetu kwa sasa ni kama ifuatavyo." Kwenye taa za barabarani dereva wa gari la pembeni alimtazama akadhani anaongea na simu.

Alipofika alishusha kiti chenye mikono, kama kawaida yake, kabla hata hajafikiri. Mjane alikuwa amesimama barazani peke yake. Mwanawe aliyepiga simu alikuwa ameufuata mwili hospitali, na watoto wengine wawili walikuwa nje ya nchi na ndege zilikuwa haziruki. Ndugu wengine waliogopa. Majirani walipunga mikono kutoka kwenye mageti yao. Mama yule wa ghorofa hakuwa na mtu wa kumshika mkono, kwa sababu kushikana mikono nako kulikuwa kumekatazwa. Mzee Viti akamwekea kiti kivulini.

"Karibu, mama. Kaa."

Akakaa. Akatazama viti vingine vinavyopangwa, kimoja huku, kingine kule, vingi kuliko watu. Akasema, "Baba, na wewe kaa kidogo. Panatisha vikiwa vitupu hivi."

Mzee Viti hakuwahi kukaa kwenye msiba wa kazini. Kazi yake ilikuwa kusimama. Lakini alivuta kiti, akakiweka kwa umbali ule uliotakiwa, akakaa. Mama akamweleza jinsi mumewe alivyokoroma, jinsi alivyomkera kwa kukoroma, na jinsi usiku uliopita alivyokaa macho akisubiri kusikia. Mzee Viti akamwambia kwamba na yeye hukoroma, na kwamba mkewe humpiga teke la ubavu. Mama akacheka akiwa na barakoa, machozi yakaingia ndani ya barakoa.

Mazishi yalipokwisha, mwana wa marehemu alikuja na pochi mkononi. "Mzee, tunadaiwa kiasi gani?"

Mzee Viti alifungua kinywa. Sentensi ilikuwepo yote, ameisoma njia nzima. Lakini alikuwa amekaa. Aliona waziwazi kwamba mtu akishakaa kwenye kiti cha msiba na kusikiliza amekuwa mfiwa, na mfiwa hawezi kuinuka akamtoza mfiwa mwenzake.

"Msiba hatutozi," akasema.

"Kweli?" Pochi ikarudi mfukoni upesi. "Mungu akubariki, mzee."

Lisemwe wazi: kijana yule alikuwa na uwezo, aliiona pikapu iliyochakaa, aliona viatu vya mzee, na hakutoa hata hela ya mafuta. Kuambiwa bure hakumwondolei mtu wajibu wa kufikiri. Wala hakuwa peke yake. Mtaa ule ulikuwa umejaa nyumba zilizokalia viti vya Mzee Viti kwa miaka mingi, na katika miezi yote hiyo hakuna hata moja iliyogonga mlango wake kuuliza anaishije.

Mama Vitambaa alikuwa akimsubiri barazani. Alimtazama usoni akajua.

"Hukutoza."

"Walikuwa na huzuni."

"Msiba gani hauna huzuni, baba? Niambie mmoja!"

"Mama, alinikaribisha kukaa."

"Nani?"

"Mjane. Nikakaa. Sasa ungekuwa wewe, umekaa na mtu analia, unamwambia gharama zetu ni kama ifuatavyo?"

Mama Vitambaa aliinama. Kisha akavua kandambili moja akamrushia, ikampita sikioni, akaingia ndani kulia. Baadaye alitoka na sahani ya chakula, akamwekea mbele yake kwa kishindo, akakaa karibu naye mpaka akamaliza. Hawakulizungumzia tena jambo la kutoza. Alikuwa ameolewa na mtu huyo, na mtu huyo ndivyo alivyokuwa.

Pikapu iliuzwa. Lakini wakati huo kila mwenye gari la mizigo alikuwa anauza, na mnunuzi alitaja bei anayotaka yeye. Mzee Viti aliuza na maturubai mawili, akarudisha chumba cha nyuma ya duka, na bado ada haikufika. Chuo kilifunguliwa bila Nesi. Hospitali zikiwa zinatafuta wauguzi kwa tochi, yeye alikuwa nyumbani akimsaidia mama yake kufumua vitambaa vya satini na kuvishona foronya za kuuza.

"Nitakuwa nesi mzee kidogo tu," alimwambia baba yake. "Usijali. Wagonjwa hawaulizi umri."

"Unanichukia?"

"Nikuchukie wewe, baba? Nakuona mbishi, basi." Akamkata kwa mkasi wa mama yake uzi uliokuwa umening'inia kwenye shati, akaendelea kufumua.

Alirudi chuoni mwaka uliofuata, hela ya foronya ilipojazia ada iliyopungua, wenzake wakiwa wameshavaa sare za kazi. Harusi nazo zilirudi, lakini zilirudi kwa mwenye viti wa barabara kuu, aliyekuwa na lori. Mzee Viti hupakia viti vya mtu huyo kwa ujira wa siku, na vyake vichache vilivyobaki huvipeleka kwa mkokoteni kwa jirani aliyefiwa, asiye mbali.

Kanuni aliishika. Ilimgharimu pikapu, maturubai mawili na biashara aliyoijenga tangu ujana wake. Ilimgharimu mkewe kazi ya mikono yake. Na ilimgharimu binti yake mwaka mzima, ambao hakuna mfiwa hata mmoja aliyejitokeza kuulipa.