Leseni Iliyogawanywa kwa Kanda

Sijawahi kumpenda mwenyekiti wa ushirika wetu wa chai, naye hajawahi kunificha kwamba hanipendi. Ninalisema hilo mapema ili msomaji asije akadhani leseni ndiyo iliyotugombanisha. Leseni iliupa ugomvi wetu mahali pa kukaa tu.

Mimi ndiye niliyetunza hifadhi ya nyaraka katika ofisi yetu ya Keroka. Sikupita chuo, kazi hiyo nilijifunza kwa kusoma miongozo ya programu ukurasa baada ya ukurasa. Faili ya kila mkulima ilipigwa skani na kuwekwa humo: kitambulisho, shamba lake, na karatasi inayotaja nani anaruhusiwa kuleta majani kwa nambari yake. Karani wa kituo cha chai alipoingiza nambari hiyo kwenye mizani ya kielektroniki, mizani iliiomba hifadhi karatasi ile, nayo hifadhi ikaitoa. Njia hiyo ya programu moja kuiomba nyingine kitu ndiyo inayoitwa API, na kampuni iliyotuuzia hifadhi haikuitoa bure. Karatasi isipoonekana, karani alikatazwa kupima. Na majani yaliyochumwa asubuhi hayangoji kesho.

Kampuni ilituletea leseni za aina tatu. Moja ililipiwa kwa kila mtu aliyesajiliwa kwa jina. Ya pili ililipiwa kwa idadi ya maombi katika mwezi. Yakiisha, mlango unafungwa hadi mwezi unaofuata. Ya tatu ilikuwa ya seva nzima, mizani ziombe kadiri zitakavyo. Ile ya majina niliikataa mara moja, kwa sababu makarani wetu hubadilika kila msimu. Nilitaka ya seva. Bei yake ilitisha kwa kuitazama, lakini haikuweza kuisha katikati ya mwezi, na mimi nilitaka jambo moja tu: mkulima asirudishwe na gunia lake kwa sababu ya hesabu za kompyuta.

Nilieleza hayo mbele ya kamati. Mwenyekiti alinisikiliza akitazama simu yake.

"Hiyo seva inakaa wapi?" aliuliza.

"Hapa ofisini."

"Na hapa ofisini ni kanda gani?"

Watu walicheka. Ushirika wetu una kanda mbili, na ofisi iko kanda ya juu, ambako ndiko kwetu. Yeye ni wa kanda ya chini.

"Tunagawa mbolea," alisema. "Tunagawa miavuli. Hata kalenda tunagawa. Na hii itagawanywa, sawa kwa sawa, pasiwe na maneno."

Mama aliyetumwa na kampuni kutoka Nairobi alitabasamu. "Inawezekana, mwenyekiti. Mkichukua ya maombi, kila kanda tunaipa ufunguo wake na mgawo wake."

"Funguo hizo hazikopeshani," nilisema. "Kanda moja ikiishiwa, mgawo wa nyingine unalala bure. Na kanda ya chini ina wakulima wengi kuliko ya juu."

"Tata, wewe umeona lini mbolea yetu ikilala kwenu?" alinijibu mjumbe wa kanda ya chini, akiniita baba kwa Kikisii. "Huyu anataka funguo zote ziwe mfukoni mwake."

Niliwaambia kwamba maombi ya mashine si mkungu wa ndizi wa kukatwa vichana. Nilisema kwa sauti ambayo haikunisaidia. Wakapiga kura, na hata mjumbe wa kwetu aliinua mkono kuunga mkono mgawo.

Mvua iliponyesha vizuri, chai ikachipua kila mahali kwa pamoja. Mgawo wa kanda ya chini uliisha mwezi ukiwa bado mbichi. Mchana mmoja boda boda tatu zilisimama mlangoni pa ofisi zikiwa na magunia, na mama mmoja mjane akashuka kwenye ya kwanza. Karani wao alikuwa amemwambia kwamba ofisi imefunga.

"Ni wewe unafunga?" aliniuliza.

"Si mimi, mama. Mgawo wenu umeisha."

"Wenu haujaisha?"

"Haujaisha."

"Eeh. Ajabu hiyo."

Alitumbukiza mkono ndani ya gunia, akatoa majani yaliyoanza kupata joto na kugeuka rangi, akayaweka juu ya kibodi yangu. Nilimpigia mwenyekiti simu nikiwa nimesimama hapo hapo.

"Usiguse," alisema. "Mgawo ni mgawo."

"Hawa ni watu wako, mwenyekiti. Majani yanaungua."

"Nikikopa kwenu leo, kesho mtakuja kunidai. Waambie wachume kidogo."

Nilikata simu. Nikafuta majani kwenye kibodi, nikaziwekea mizani za kanda ya chini ufunguo wa kanda ya juu, kisha nikampigia karani wao ajaribu nambari ya yule mama. Karatasi ilitokea.

"Rudini mkapimiwe," niliwaambia.

Mama hakuondoka upesi. "Kumbe ulikuwa unaweza tangu asubuhi," alisema.

Nilijaribu kumweleza kwamba ule haukuwa ufunguo wao.

"Nimesikia. Ni wa kwenu. Ndiyo maana mnaringa."

Waliondoka. Mwenyekiti alipofika kesho yake, hakuuliza kama majani yalipimwa. Aliuliza ni nani aliyenipa ruhusa, akanipokonya nenosiri, akaukabidhi kila ufunguo kwa mtu wa kanda husika. Kufikia hapo kanda zote mbili zilikuwa zimekula mgawo wetu mmoja, kwa hiyo nao uliisha mapema. Niliiomba kamati inunue leseni ya seva, au angalau iongeze maombi. Nikajibiwa kwamba mgawo wa kanda ya juu umeliwa na mtoto wa kanda ya juu, na hayo ni mambo ya nyumbani kwetu.

Wa kwanza kurudishwa kwenye kituo chetu alikuwa shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Hakuja ofisini. Alinisubiri langoni kwangu nikitoka kazini, gunia likiwa miguuni pake, na majirani wakiwa wamesimama kando ya ua kusikiliza. Nilimweleza kwamba kamati ilionywa na kwamba mwenyekiti ndiye aliyekataa.

"Mimi sikuolewa kwa mwenyekiti," alisema. "Niliolewa hapa."

Akaliinua gunia kwa pembe zake mbili na kuyamwaga majani yote langoni pangu.