Amina Yuko Nje

Darasa la wadogo lilikuwa nyuma ya kanisa, katika chumba ambacho zamani kwaya walikitumia kubadilishia majoho. Dirisha lake moja lilikuwa la vioo vya rangi, na jua la asubuhi likipita hapo sakafu yote ilimwagikiwa rangi nyekundu na buluu. Watoto waliinama kuziokota. Hawakufanikiwa hata siku moja, wala hawakukata tamaa, na mwalimu wao aliinama pamoja nao.

Wenzake walimwita Mwalimu Magoti, maana kutwa alikuwa chini, akipanga maboksi ya sabuni yawe mji, akinunua mchanga kwa vifuniko vya soda na kulalamika kwamba bei imepanda. Mumewe, fundi cherehani, alichoka kutia viraka sketi zake mahali palepale. "Mke wangu anamzidi askofu kwa kupiga magoti," aliwaambia wateja, "ila sijui sala zenyewe kama zinafika."

Muhula ule aliletwa mtoto wa kike wa miaka mitatu, kashikwa mkono na bibi yake. Hakulia, hakucheza. Alisimama mlangoni tu, asubuhi mpaka mchana, hata wakampa jina la Bawabu. Lakini kila sala ilipokwisha, wenzake wakaitikia kwa sauti ya kung'oa bati, "Aminaaa," Bawabu aligeuka upesi kutazama nje. Alingoja. Kisha uso wake ulishuka taratibu, na asiguse tena kitu, si kikombe wala mpira wala chakula.

Bibi mtu alikuja kusema. "Mwalimu, mjukuu wangu anakwisha. Kama mpaka shule inafungwa bado yuko hivi, namwachisha. Nitaacha kazi yangu ya sokoni nikae naye."

"Bibi, kwani nyumbani kuna mtu anaitwa Amina?"

Bibi alicheka. "Ndiye mama yake. Si jina la ubatizo. Alipokuwa mdogo njaa ikimbana, marehemu baba yake hajamaliza kuombea chakula yeye keshaitikia amina. Jina likamganda mpaka leo. Sasa yuko mbali, anawapikia watu wanaojenga barabara. Kuja anakuja, ila mara moja moja sana. Huyu mtoto namwambia kawia ufike, lakini wa umri huu anajua nini kuhusu kukawia?"

Mwalimu Magoti akaelewa. Wiki zote zile darasa zima lilikuwa likimwita mama wa mtoto yule, kwa sauti kubwa na mbele za Mungu, na mama haji.

Kesho yake alijaribu kumaliza sala kwa "na iwe hivyo." Watoto walimtazama kama mtu aliyeepua chungu akasahau kifuniko. "Bado Amina," mmoja akamkumbusha kwa upole. Wakaitikia wenyewe, na Bawabu akageuka kama kawaida.

Ilipita siku, ikapita nyingine. Asubuhi moja, macho yote yamefumbwa na rangi za dirisha zikielea juu ya vichwa, Mwalimu Magoti alifumbua jicho moja, dhambi yake ya kila siku. Alimwona Bawabu akiuchukua mkoba wa zamani kutoka pembe ya kuchezea, akautia begani, akatoka. Mlango ukafungwa. Mwalimu alitaka kumkimbilia, akajizuia. Sala ikaisha.

"Aminaaa."

"Hodi," ikasema sauti ndogo nje.

Watoto wakafumbua macho. Mwalimu akajikokota kwa magoti hadi mlangoni, akafungua. "Karibu, Amina," alisema. "Pole na safari. Umechoka?"

"Nimechoka sana," akasema Bawabu, akaingia, akakaa, akamiminiwa chai ya hewa.

Tangu siku hiyo mkoba ule uligombewa kuliko bembea. Kila sala ilikuwa na Amina wake. Mezani kwa mgeni kulikuwa na sheria, na aliyeziweka ni Bawabu: Amina akishakunywa chai lazima atoke, maana asipotoka atarudi vipi? Mlango aliuacha. Alikuwa na wageni wa kupokea, na chakula chake sasa alikula mpaka akafuta sahani kwa kidole.

Mama Mchungaji, msimamizi wa shule, aliyaona hayo kutoka mlangoni. "Mwalimu, sala si mchezo."

"Kwa hawa wadogo, Mama Mchungaji, mchezo si mchezo."

Mama Mchungaji hakucheka. "Haya. Na mama mwenyewe akija, akaondoka tena? Umemzoesha mtoto Amina wa kurudi papo hapo. Atavunjika moyo mara mbili, na mara ya pili utakuwa umeuvunja wewe."

Swali hilo lilimfuata Mwalimu Magoti hadi nyumbani, likakaa naye mezani.

Shule ilikaribia kufungwa. Asubuhi moja mgeni wa zamu alikuwa bado ndani, anavutana na mwenzake juu ya mkoba, sala ilipoisha wakaitikia, "Aminaaa."

"Hodi," ikasema sauti nje. Haikuwa ndogo.

Mwanamke mwenye viatu vya vumbi alisimama mlangoni na begi lake. Watoto waliangua kicheko, maana Amina wa leo amekuwa mrefu. Bawabu hakucheka wala hakukimbia. Alimwendea, akalishika begi kwa mikono miwili, akaliburuta hadi kwenye kiti kidogo.

"Karibu, Amina. Pole na safari."

Mama akakaa, magoti yakimgusa kidevu. Akapewa kikombe cha buluu kisicho na kitu, akanywa polepole mpaka mwisho. "Kesho kutwa narudi kazini," alimnong'oneza mwalimu. "Sijui nitamuagaje."

Bawabu alichungulia kikombe, akaridhika. "Sasa toka," akasema.

Mama alimtazama mwalimu.

"Toka," mtoto akarudia, kwa subira, kama anayemwelekeza mgeni asiyejua taratibu za nyumba. "Ili urudi."

Mama akatoka. Mlango ukafungwa, watoto wakafumba macho, wakaitikia. Hodi ilichelewa, kwa kuwa mama alikuwa anafuta machozi kwanza. Mwalimu Magoti alimtazama Bawabu kwa wasiwasi. Hakuwa ameugeukia mlango. Alikuwa ameupa mgongo, anamimina chai nyingine.