Mahindi Yaliyopita Mtihani wa Mdudu

Mama yangu ana maabara yake, nayo ni kibaraza cha jikoni. Anaishi nje kidogo ya Makongeni, pale nyumba zinapoishia na mashamba kuanza. Ukimletea chakula asichokijua, anaweka kipande chini na kungoja. Siafu na fukusi wakikivamia, basi ni chakula cha watu. Wakikipita, shtaka ni moja tu: GMO.

Kwa njia hiyo ameshahukumu tikitimaji langu kutoka Kimbo ninakoishi, kuku wa gredi wa kufugwa kisasa, na hata mkate niliomletea.

"Angalia, hata siafu wamekataa! Kitu mdudu amekataa, wewe unakulia nini?"

"Mami, mkate unawekwa GMO wapi?"

"Si uwaulize waliouoka."

Nilicheka, lakini mimi ni mtu wa kuuliza, na swali likinishika halinitoki. Kule kwetu Kimbo kila kitu kikubwa ni GMO. Paja la kuku likinona ni GMO, na kijana wa jirani aliporefuka ghafla wakati wa likizo, plot nzima ya wapangaji ilimwita GMO. Nilipouliza hasa hiyo GMO ni nini, kila mtu alikuwa na hakika na hakuna aliyekuwa na jibu.

Mwanangu alipofikia umri wa kuanza uji, Mami alitangaza kwamba mjukuu wake hataonjeshwa unga wa duka. Msimu huo viwavi walikuwa wamemsumbua sana shambani. Nilipoenda kumwona, alinitolea karai la mahindi ambayo mimi ningewatupia kuku: nchani yametobolewa, vumbi likitoka kwenye matundu, hapa na pale rangi ya kijivu. Yale mazuri, yasiyo na tundu, alikuwa ameyaweka kando kwa mashaka.

"Haya ndiyo ya mtoto," akasema, uso wote ukicheka. "Mdudu ameshaonja kwanza."

Nilitia hindi moja kwenye mkoba, nikaliulizie.

Jumapili iliyofuata nilimwachia Mami mtoto asubuhi, nikaenda kanisani Kamenu. Baada ya ibada ofisa wa kilimo, mwanamke mchangamfu, alikuwa anaongea na wakulima, nami nilikuwa wa kwanza kuinua mkono kuuliza GMO ni nini. Akaeleza vizuri. Kuna bakteria wa udongoni ambaye humwua kiwavi. Wataalamu wamechukua jeni yake wakaiingiza kwenye mahindi, kwa hivyo kiwavi akiuma tu, anakufa.

Haiya! Nikaruka karibu nitoke kwenye benchi. "Kumbe mama yangu ako sawa! Mdudu anayakataa!"

Watu wakacheka, naye akacheka pia. Akasema kinachomwua kiwavi hufanya kazi tumboni mwa kiwavi, na tumbo letu si kama lake. Waliochunguza mpaka sasa hawajaona yakimdhuru mlaji, na mkulima anapumzika kubeba pampu ya dawa mgongoni. Mzee mmoja akauliza, je, jirani akiyapanda, chavua haiwezi kuingia kwangu? Inaweza, akasema. Na viwavi nao hawawezi kuizoea sumu hiyo? Wanaweza, wasipodhibitiwa. Na mbegu, nitaweka ya msimu ujao? Hapo akatikisa kichwa: mbegu ina mwenyewe, na hayo bado watu wanayabishania kortini. Nilimpenda kwa sababu hakutuuzia kitu. Kila jibu lake lilinizalia maswali mengine, na ningekaa pale hadi jioni.

Ndipo nikakumbuka hindi langu. Nilipolitoa mkobani, kicheko chake kilikatika.

"Hii ni ya nani?"

"Ya uji wa mtoto."

Akaniambia tundu la mdudu ni mlango wa ukungu, na ukungu mwingine huleta sumukuvu, ile watu huita aflatoksini. Huharibu ini, na mtoto mdogo ndiye huumia zaidi. Kwa macho hawezi kusema kama imo humu, lakini yeye hangewapa wanawe.

"Mdudu hampimii mtu sumu," akasema. "Anatafuta chakula chake. Umeshampa?"

Woi! Mami alikuwa ameyapeleka mahindi yale kwa posho mill kusagwa jana yake.

Simu yake haikushikwa. Nikachukua boda boda, nikawa namhimiza dereva aende mbio huku nikiomba tusianguke. Nilipoingia, Mami alikuwa kwenye kigoda, mtoto mapajani, kikombe cha uji na kijiko kando.

"Mami, ngoja! Amekunywa?"

"Ai! Anywe aje na wewe hauko? Nilikuwa nakungoja umwone akionja."

Nikaketi chini pale pale, nikalia. Nilipoweza kusema, nikamweleza yote. Kwanza alikasirika.

"Huyo ofisa wako ako na watoto?"

"Ako nao."

"Na nikichemsha sana?"

"Alisema sumu haitoki, Mami."

Akanipa mtoto. Akamwaga uji, akaleta unga na karai la mahindi yaliyobaki. Kuku walipokuja mbio akawafukuza kwa mwiko, akachimba shimo nyuma ya choo na kufukia kila kitu, mimi nikitaka kumsaidia naye akinikataza. Alipomaliza, akasimama akiegemea jembe.

"Nilikuwa nimpe mwenyewe, kwa mkono wangu," akasema. Kisha akanitazama kama mtu aliyepotea sokoni. "Sasa nitakuwa najuaje?"

Maisha yangu yote mimi ndiye nilikuwa namuuliza yeye.